Akodi za gitaa kwa mchezo wa video: mwongozo kwa aliyekwama kwenye fa

Kwa miezi mitatu, kila jioni umeme uliporudi nyumbani kwetu Katuba, nilifungua kwenye kompyuta mchezo wa video unaofundisha gitaa, nikachomeka gitaa na kupambana na kitu kilekile. Noti moja moja nilizikamata vizuri. Skrini iliwaka, asilimia zikapanda, nikaamini mkono umeanza kukomaa. Halafu vikaja visanduku vya akodi, nyuzi tatu, nne, hata sita kwa mpigo mmoja, na mkono wa kushoto ukaganda. Wimbo ukaenda zake. Iliyonishinda kuliko zote ni akodi ya fa. Kama umewahi kushika gitaa, unaijua.

Akodi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Sisi wa Lubumbashi tumelichukua neno hilo kwenye Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema kodi. Sasa fa naipiga bila kuitazama, na nimeshajua nilichelewa wapi. Mchezo ulinizoesha macho kabla ya mkono. Nilijua kufuata rangi, sikujua vidole vikae vipi. Fa yenyewe iliingia mkononi siku za giza, umeme ukiwa umekatika, nikiwa na gitaa, simu na mshumaa. Mchezo ukawa mahali pa kuipima. Mpangilio huo ndio nataka uanze nao wewe, usipoteze miezi kama mimi.

Mchezo, kebo na herufi

Ninaoutumia ni Rocksmith wa kampuni ya Ubisoft. Wa kwanza ulitoka mwaka 2011. Wangu, unaoitwa Rocksmith 2014, ulitoka mwaka 2013. Tangu 2022 kuna Rocksmith+, ambayo unailipia kwa muda na inaweza kusikiliza gitaa kupitia simu. Hapa hakuna gitaa la plastiki lenye vitufe. Unachomeka gitaa la kweli kwa kebo maalumu: upande mmoja jeki ya kawaida ya gitaa, milimita 6.35, upande wa pili USB. Kompyuta inasikia noti uliyopiga na kuilinganisha na iliyopaswa kupigwa. Ukiwa na Yousician, programu iliyotengenezwa Ufini, inayosikiliza kwa maikrofoni ya simu, karibu kila hatua ya hapa itakufaa pia.

Kuna jambo linalomsumbua kila aliyejifunza muziki kwa Kifaransa, shuleni au kanisani. Sisi tunasema do, re, mi. Mchezo unaandika herufi. Zinalingana hivi: A ni la, B ni si, C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol. Herufi ndogo m ikifuata, akodi ni minere (minor kwa Kiingereza): Am ni la minere. Isipofuata, ni majere (major). Ziandike kwenye kipande cha karatasi, ukibandike chini ya skrini kwa wiki ya kwanza. Ukianza kutafsiri kichwani wakati kisanduku kinakuja mbio, umeshachelewa.

Hatua ya kwanza: chunguza gitaa kabla ya kulaumu vidole

Gitaa nyingi za bei nafuu zinafika sokoni nyuzi zikiwa juu mno. Mtu anaminya hadi machozi yanamtoka, anadhani hana kipaji, kumbe chombo kinampinga.

Tazama kizingiti cha juu, kile kipande cheupe ambapo nyuzi zinapita kabla ya kufika kwenye funguo. Minya uzi katika nafasi ya tatu, yaani kati ya freti ya pili na ya tatu, vile vyuma vinavyokatiza shingo, ukiwa umeinamisha jicho uone upenyo juu ya freti ya kwanza. Upenyo huo unatakiwa uwe mwembamba kama karatasi. Ukiona pana, kizingiti ni kirefu, na fa itakuwa mateso kwa sababu inashikwa palepale jirani yake. Kwenye freti ya 12, uzi ukiwa juu ya freti kwa milimita 2 hadi 3 inatosha. Ikizidi sana, au kizingiti kikiwa kirefu, lipeleke gitaa kwa mtu anayejua kulitengeneza; kizingiti atakisugua taratibu kwa tupa nyembamba. Usijaribu mwenyewe. Ukikata zaidi ya kiasi, uzi utavuma ukiwa wazi na itabidi ununue kizingiti kingine.

Weka nyuzi nyepesi. Kwa gitaa la umeme seti inayoanzia inchi 0.010, kwa gitaa kavu 0.011 au pungufu. Anayekuambia nyuzi nene ndizo zinazokomaza mkono anakuchelewesha.

Jingine ni hali ya hewa ya kwetu. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa inakauka, na ubao wa gitaa unakauka pamoja nayo. Shingo inajikunja kidogo, ncha za freti zinaanza kukwaruza kiganja. Ninachofanya: kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, ndani yake sponji yenye unyevu iliyokamuliwa vizuri, ninakiweka ndani ya mfuko wa gitaa usiku. Mvua zikianza ninakitoa.

Kisha tyuni, yaani kuweka sauti ya kila uzi mahali pake. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni mi, la, re, sol, si, mi. Mchezo unakutyuni kabla ya wimbo, na usiipite hatua hiyo hata siku moja. Nyuzi zikiwa sawa zikiachwa wazi lakini akodi inasikika chungu, unaminya kwa nguvu mno. Uzi ukiminywa kupita kiasi unavutika na sauti inapanda.

Ukiwa umeazima gitaa la mpigaji wa rumba, uliza kwanza. Wapo wanaolifunga kwa mtindo wa mi-kompoze, uzi wa nne, ule wa re, umewekwa mwembamba unaolia oktavu moja juu. Ni sauti tamu kabisa kwa kazi yake, lakini mchezo unategemea nyuzi za kawaida.

Hatua ya pili: ondoa mvumo na ucheleweshaji

Wiki nzima mchezo ulinihesabia makosa ambayo sikuyafanya. Tatizo lilikuwa chaja. Nyumba nyingi za mtaani kwetu soketi hazina waya wa ardhini, na kompyuta ikiwa kwenye chaja, mvumo unapita kwenye kebo hadi mchezo unausikia kama noti. Chomoa chaja, cheza kwa betri. Mvumo ukiisha, umepata jibu. Chaji umeme ukiwepo, piga baadaye.

Ucheleweshaji ni ule muda kati ya kupiga uzi na kusikia sauti. Ukiunganisha televisheni kwa HDMI na kutumia spika za televisheni, sauti inakuja nyuma ya mkono, nawe unajifunza kupiga mapema bila kujua. Tumia vipokea sauti vya waya kwenye tundu la kompyuta yenyewe, usitumie vya bluetooth. Kwenye kompyuta ya Windows kuna faili la mipangilio, Rocksmith.ini, lenye mstari LatencyBuffer. Punguza namba yake moja moja hadi sauti ianze kukwaruza, halafu rudisha moja. Hifadhi nakala ya faili kabla ya kuligusa.

Rangi za nyuzi kwenye skrini hazihitaji maneno mengi. Uzi wa mi nene ni mwekundu, la njano, re buluu, sol chungwa, si kijani, mi nyembamba zambarau. Kwenye mipangilio unaweza kugeuza mpangilio wa nyuzi juu chini. Chagua mmoja siku ya kwanza na usibadilishe tena.

Kosa lililonichelewesha

Rocksmith ina kitu ambacho watu hukisifu, nami nilikisifu: ugumu unaojipanga wenyewe. Ukikosea, mchezo unapunguza noti, ukifaulu, unaongeza. Kwa melodi ni msaada mkubwa. Kwa akodi, kwa mtu anayeanza, ni mtego.

Chukua do majere. Umbo lake kamili, nyuzi zikihesabiwa kutoka mwembamba: kidole cha pete kwenye uzi wa 5 nafasi ya 3, cha kati kwenye uzi wa 4 nafasi ya 2, cha shahada kwenye uzi wa 2 nafasi ya 1. Ugumu ukiwa chini, mchezo haukupi umbo hilo. Unakupa noti moja tu, labda ile ya uzi wa 5. Unaishika kwa kidole gani? Cha shahada, bila shaka, ndicho kilicho tayari. Skrini inakubali. Unarudia mara mia mbili, na kila mara mkono unaandika: noti hii ni ya shahada. Siku akodi nzima inakuja, shahada inatakiwa uzi wa 2, na mahali pake anatakiwa pete. Inabidi ufute kwanza ulichojifunza.

La pili: mchezo ni mpole. Nimeona ukinikubalia akodi ambayo uzi wa pili ulikuwa kimya kabisa chini ya kidole changu. Kompyuta inasikiliza mchanganyiko wa sauti, haiwezi kukuchungulia kidole kimoja kimoja. Kwa hiyo skrini kukukubalia maana yake umekaribia. Aliyefika utamjua kwa sikio.

Basi kanuni niliyojiwekea ni hii: sichezi akodi yoyote kwenye mchezo kabla sijaweza kuishika nzima nje ya mchezo, kwa vidole vyake halisi, kila uzi ukilia.

Hatua ya tatu: dakika kumi bila skrini

Hapa ndipo kazi ilipo, na kwa bahati haihitaji umeme. Hesabu vidole hivi: shahada ni 1, kati ni 2, pete ni 3, cha mwisho ni 4. Nyuzi zihesabu kutoka mwembamba: uzi wa 1 ni mi nyembamba, wa 6 ni mi nene. Kata kucha za mkono wa kushoto hadi chini.

Shika akodi. Kidole kikae nyuma tu ya freti, karibu na chuma, kwa ncha yake. Ukiwa katikati ya nafasi unahitaji nguvu mara mbili na uzi bado unavuma. Piga uzi mmoja mmoja kutoka juu hadi chini. Ulionyamaza una sababu: ama kidole chake hakijaminya, ama kidole jirani kimelala juu yake. Rekebisha hicho kimoja, piga tena. Sasa legeza vidole bila kuviondoa kwenye nyuzi. Minya. Legeza. Minya. Mara kumi. Kisha viinue sentimita moja hewani vikiwa na umbo lilelile na uvishushe vyote kwa pamoja. Hapo ndipo utajua kama akodi unayo. Kidole kimoja kikitangulia na vingine vikifuata kama watu wanaopanga foleni, bado hujaijua.

Anza na mi minere, vidole viwili tu: 2 kwenye uzi wa 5, 3 kwenye uzi wa 4, vyote nafasi ya 2. Nenda la minere: 1 kwenye uzi wa 2 nafasi ya 1, 2 kwenye uzi wa 4 na 3 kwenye uzi wa 3, nafasi ya 2. Sogeza umbo hilohilo lote uzi mmoja kwenda juu, upande wa nyuzi nene, unapata mi majere bila kujifunza kitu kipya. Na kutoka la minere kwenda do, kidole 1 na 2 havitoki mahali pao kabisa. Ni cha 3 peke yake kinachoruka hadi uzi wa 5 nafasi ya 3. Siku nilipoonyeshwa hilo na yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu) anayepiga gitaa kanisani kwetu, nilikaa kimya. Nilikuwa nainua vidole vyote vitatu kila mara, miezi mitatu.

Tangu hapo, kabla ya kufanya zoezi la kubadilisha akodi yoyote, jiulize: kidole kipi kinabaki? Kama hakuna kinachobaki, vipi vinasogea pamoja?

Kyungu na Kabange

Swali hilo la pili lilinifungulia do, fa na sol, na akodi hizo tatu ndizo zinazobeba sebene nyingi na nyimbo nyingi za kwaya ukiwa kwenye do. Ukizijua hizo, unaweza kuketi na watu.

Kwa Waluba wa Katanga mapacha huitwa Kyungu na Kabange, kama Wasukuma wanavyowaita Kulwa na Doto. Kidole cha 3 kiite Kyungu, cha 2 kiite Kabange. Kyungu anakaa nafasi ya 3, Kabange nafasi ya 2, kila mara kwenye nyuzi zinazopakana, Kyungu upande wa uzi mnene. Mshazari huo hauvunjiki. Sasa tazama.

Kwenye fa ndogo, ile ya nyuzi nne, Kyungu yuko uzi wa 4, Kabange uzi wa 3, na shahada inalala juu ya uzi wa 1 na wa 2, nafasi ya kwanza.

Kwenye do, mapacha wamepanda uzi mmoja: Kyungu uzi wa 5, Kabange uzi wa 4. Shahada imesimama kwenye uzi wa 2 peke yake.

Kwenye sol, wamepanda tena: Kyungu uzi wa 6, Kabange uzi wa 5. Shahada imepumzika, na kidole cha 4 kinashika uzi wa 1 nafasi ya 3.

Ni ngazi ya vipandio vitatu. Watu wengi hufundishwa sol kwa vidole 2, 1 na 3, na si kosa, ila ukiishika hivyo ngazi inavunjika, kila badiliko linakuwa safari mpya. Kwa anayeanza, mimi nasimama na sol ya kidole cha mwisho, hata kama wiki ya kwanza kidole hicho kinakuwa kizito. Kinazoea.

Fanya zoezi mapacha peke yao kwanza, bila shahada na bila cha 4: uzi wa 4 na 3, panda, panda, shuka, shuka. Usiinue mbali, vidole vikwaruze nyuzi ukitaka. Vikishazoea, ongeza shahada.

Halafu pima kwa saa ya simu. Dakika moja, do kwenda fa na kurudi, kila badiliko lililolia vizuri hesabu moja. Usiku wa kwanza nilipata 11. Andika namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukifika 30, akodi hizo mbili unaweza kuzipeleka kwenye mchezo polepole. Ukifika 60 hazitakusumbua katika nyimbo nyingi. Usifanye zaidi ya jozi tatu kwa siku. Ncha za vidole zitauma wiki mbili au tatu za kwanza, na hiyo ni ngozi inayojijenga. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya msuli wa kidole gumba ni mengine; yakija, weka gitaa chini siku hiyo na kesho yake chunguza unavyokaa.

Fa kubwa

Fa ndogo ya nyuzi nne itakutosha muda mrefu, usione haya kuitumia. Lakini mchezo utakuletea ile kubwa, shahada ikiwa imelala juu ya nyuzi zote sita, kwa hiyo tuikabili.

Nilichokuwa nakosea: nilitaka shahada iminye nyuzi zote sita kwa nguvu sawa. Hesabu vizuri. Uzi wa 5 na wa 4 vinashikwa na vidole vya 3 na 4 kwenye nafasi ya 3, na wa 3 unashikwa na cha 2 kwenye nafasi ya 2. Shahada inabaki na kazi ya nyuzi tatu tu: wa 6, wa 2 na wa 1. Kwa hiyo nguvu iende kwenye ncha na kwenye shina la kidole. Katikati pakilegea hakuna hasara. Igeuze shahada kidogo upande wa kidole gumba, ubavu wake wenye mfupa ndio ulale juu ya nyuzi, kwa sababu tumbo la kidole ni laini na uzi unazama kwenye mikunjo. Kiwiko kishuke karibu na mbavu. Usibane kwa kidole gumba. Acha uzito wa mkono uvute shingo ya gitaa nyuma kidogo, huku mkono wa kulia ukishikilia mwili wa gitaa kifuani. Jaribu kupiga akodi ukiwa umeondoa kidole gumba kabisa. Ikilia hata nusu, umeelewa nguvu inatoka wapi.

Usianzie nafasi ya kwanza, ndipo uzi ulipo mgumu kuliko popote. Anzia nafasi ya 5, ambako umbo hilohilo ni la majere. Siku nne au tano hapo. Ikilia safi, shuka nafasi ya 4, kisha ya 3 ambayo ni sol, kisha ya 2. Mimi nilifika nafasi ya kwanza baada ya wiki tatu na siku kadhaa. Kama nafasi ya 2 inalia na ya kwanza inakataa kabisa, rudi kwenye kizingiti nilichokitaja. Mara nyingi ni chenyewe.

Mkono wa kulia usisimame

Mchezo ulikuwa umeniachia tabia mbaya: nikichelewa kushika akodi, mkono wa kulia unasubiri. Katika kupiga na watu hilo haliwezekani. Mpiga ngoma hakungoji. Piga chini, juu, chini, juu ukihesabu kwa mguu, na mkono uendelee hata kama wa kushoto bado uko njiani. Nyuzi wazi zikilia kwa nusu pigo kabla akodi haijatua, mwimbaji hatajua. Ukikata mdundo, watu wote wamejua.

Na kila jioni, dakika tatu, weka mediatori, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, pembeni upige kwa dole gumba na shahada tu, kama wazee wa Katanga walivyopiga. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kurekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alijulikana duniani kwa vidole hivyo viwili na kwa Kiswahili chetu. Dole gumba linashika besi kwenye nyuzi nene, zamu kwa zamu, shahada inachomoa nyuzi nyembamba katikati yake. Sisemi ufike alipofika. Nasema akodi ikipigwa uzi mmoja mmoja namna hiyo haina pa kujificha: uzi uliokufa unausikia papo hapo, wakati ukipiga zote kwa mediatori unafunikwa na wenzake. Kompyuta ingekukubalia, dole gumba lako halikubali.

Hatua ya nne: rudi kwenye mchezo

Sasa fungua Rocksmith, chagua wimbo wenye akodi ulizonazo tayari. Usiucheze wote. Ingia kwenye Riff Repeater, sehemu ya kurudiarudia kipande cha wimbo, chagua kipande kifupi chenye badiliko moja, kisha fanya vitu viwili kwa mkono wako: ugumu uweke asilimia 100, kasi ishuke hadi 50 au 60. Kwa hivyo unapewa akodi nzima tangu mwanzo, taratibu. Vidole vinajifunza umbo la kweli.

Kisanduku cha kwanza kitaonyesha noti zote. Akodi ikirudiwa, utaona fremu tupu bila noti; maana yake baki hapohapo, piga tena. Nilidhani fremu hizo ni za kuruka.

Macho yasikae kwenye kisanduku kinachogusa mstari. Yaangalie kinachokuja nyuma yake. Soma jina, mkono uanze kuelekea huko wakati mkono wa kulia bado unapiga akodi ya sasa.

Rudia mara tatu bila kosa, ongeza kasi asilimia 5. Ukikosea mara tatu mfululizo, rudisha 10. Dakika kumi na tano zinatosha. Baada ya hapo mimi naona nacheza kwa ajili ya namba. Kipande kikifika kasi kamili, unganisha na kinachofuata. Ukishaujua wimbo vizuri, mchezo wenyewe unaanza kufifisha noti, hiyo ndiyo Master Mode. Usiizime kwa hofu. Pale skrini inapotoweka ndipo unapoona nini kimeingia kichwani.

Session Mode nayo usiisahau. Hapo hakuna wimbo, kuna bendi inayokufuata. Ichague katika do, uzungushe do, fa, do, sol, mizunguko minne, na uisikilize inavyokuitikia.

Nyimbo za mchezo ni roki kwa sehemu kubwa, za Marekani na Uingereza. Sina ugomvi nazo, zimenifundisha. Lakini akodi zilizobaki ndani ya kompyuta hazijawa zako. Juma hilohilo unalomaliza kipande, tafuta mtu. Kwenye mazoezi ya kwaya, uani kwa jirani, popote penye mpigaji wa solo anayehitaji wa kumsindikiza. Mwambie naweza do, fa na sol, twende polepole. Jumamosi ya kwanza nilipofanya hivyo nilipoteza njia mara mbili katika wimbo mmoja, na yule yaya akaninong'oneza majina ya akodi sikioni bila kuacha kupiga: do, fa, do, sol. Mapacha wakapanda na kushuka wenyewe.

Baada ya fa kubwa, umbo lote linasogea: nafasi ya 2 ni fa dieze (F# kwenye mchezo), ya 3 sol, ya 5 la. Kisha kuna umbo la pili, la minere iliyolaliwa na shahada kuanzia uzi wa 5, linalokupa si minere kwenye nafasi ya 2. Niko hapo sasa. Nimeanzia nafasi ya 7, ambako umbo hilo ni mi minere, na kila siku nne nashuka moja.